Je, wajua kwa nini mbio moja ya 1912 iliwapoteza wawili kati ya washindi wake watatu wa medali ndani ya mwezi mmoja, miaka miwili baadaye?

Tarehe 10 Julai 1912, kwenye Olimpiki ya Stockholm, fainali ya mita 5,000 ilibaki mapema kuwa ya watu wawili: Hannes Kolehmainen wa Ufini na Jean Bouin, Mfaransa mzaliwa wa Marseille. Bouin aliongoza sehemu kubwa, na kila mara mwenzake alipochomoka ili ampite, alimzibia. Hatimaye, utepe ukiwa mbele ya macho yao, Kolehmainen akapenya. Alitumia dakika 14 na sekunde 36.6, Bouin 36.7. Kabla ya siku hiyo rekodi ya dunia haikuwa imeshuka chini ya dakika 15, kwa hiyo hata aliyeshindwa aliivunja vibaya sana. Rekodi ya leo ni dakika 12 na sekunde 35, ya Mganda Joshua Cheptegei, lakini wale walikimbia juu ya majivu ya makaa. Wa tatu, Mwingereza George Hutson, aliingia nusu dakika baadaye.

Bouin hakukaa kuomboleza ile sehemu ya kumi ya sekunde. Mwaka uliofuata alirudi Stockholm, akakimbia saa nzima na kufikisha mita 19,021. Ilichukua miaka 15, hadi 1928, Paavo Nurmi kuipita rekodi hiyo.

Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka mwishoni mwa Julai 1914. Ufaransa ilikuwa na sheria ya kila kijana wa kiume kulitumikia jeshi, na umaarufu haukumwondoa mtu kwenye orodha. Uingereza haikuwa na sheria hiyo, ila Hutson alikuwa tayari askari wa kazi, na jeshi dogo la kudumu ndilo lililovushwa kwanza kwenda Ufaransa. Kwa hiyo wote wawili walikuwa mstari wa mbele tangu mwanzo, na mwanzo ndio uliokuwa mbaya kupindukia: mahandaki marefu yalikuwa bado hayajachimbwa, askari wakisonga mbele kwenye mashamba ya wazi huku mizinga na bunduki za rasharasha zikiwafyeka.

Hutson aliuawa tarehe 14 Septemba, katika mapigano ya mto Aisne. Bouin alifuata tarehe 29 karibu na kijiji cha Xivray, akiwa na miaka 25. Inasemekana kombora lililomuua lilitoka kwenye mizinga ya Wafaransa wenyewe, iliyolenga vibaya.

Olimpiki ya 1916 ilikuwa imepangiwa Berlin, nayo ikafutwa. Kolehmainen, ambaye miaka ya vita alikuwa akiishi Marekani, alirudi kwenye Olimpiki mjini Antwerp mwaka 1920, safari hii kwenye maratoni. Akachukua dhahabu, umri wake miaka 30.