Vidonge vya damu havimfanyi mtoto awe mkubwa kupita kiasi

Kuna imani ya miaka mingi kwamba mjamzito akimeza vidonge vya kuongeza damu, mtoto atakuwa mkubwa mno na mama ataishia kupasuliwa. Kwa hofu hiyo, vidonge hupokelewa kliniki na kubaki kabatini.

Vidonge hivi ni vya madini ya chuma, na chuma hakinenepeshi. Kazi yake kubwa ni kutengeneza hemoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Mtoto kuwa mkubwa kupita kiasi hutokana zaidi na kisukari cha mama, uzito wake au maumbile ya ukoo. Vidonge hivi humkinga mtoto asizaliwe na uzito pungufu, na nadhani hapo ndipo watu walipochanganya mambo. Kinachostahili kuogopwa ni upungufu wa damu wenyewe: mama akivuja damu nyingi wakati wa kujifungua, hana akiba.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku, pamoja na asidi ya foliki, aina ya vitamini B. Mchicha ni mzuri, lakini peke yake hautoshi.

Linaloniuma ni mama kukabidhiwa vidonge bila maelezo. Choo kikigeuka cheusi anashtuka na kuacha, kumbe ni chuma kisichofyonzwa tu, hakina madhara. Kichefuchefu kikimsumbua, ameze usiku baada ya chakula. Asivimeze na chai, kwani huzuia chuma kufyonzwa, chungwa husaidia. Muuguzi anaweza kuyasema haya yote kwa dakika tano.