Je, wajua kwa nini maabara hutumiana jeli ya mkia wa panya?

Ukijikata kidole ukimenya viazi, seli za ngozi pembeni mwa kidonda huanza kujongea kuziba pengo, huku chembe nyeupe za damu zikitoka mishipani kuwinda bakteria. Zile ziitwazo nyutrofili huenda kama maikromita 10 kwa dakika, kwa hiyo milimita moja huwachukua saa moja na dakika arobaini. Mwendo huohuo ndio unaoifanya saratani iwe hatari: seli zikihama kiungo kimoja kwenda kingine, tiba inakuwa ngumu.

Nairobi ina sababu yake ya kuufuatilia. Mfugaji wa Kiambu au Kajiado anaijua ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe. Kimelea chake, Theileria parva, huletwa na kupe, kikaingia ndani ya chembe nyeupe za ng'ombe na kuzivuruga: zinagawanyika ovyo, zinasambaa, zinavamia viungo hadi mapafu yanajaa maji. Utadhani ni saratani. Ila ukikiua kimelea kwa dawa ya buparvakwoni, seli huacha vurugu zake, jambo ambalo saratani ya kawaida haifanyi. Seli hizi zimekuzwa Kabete kwa miongo, tangu enzi za ILRAD, maabara ya utafiti wa magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa 1973, ambayo leo ni sehemu ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo.

Sasa ukitaka kuziona zikitembea, utazitembeza juu ya nini? Sahani ya plastiki ni ngumu mno; mwilini seli hupenya katikati ya nyuzi laini za kolajeni, protini inayoshikilia ngozi na kano. Hapo ndipo mkia wa panya unapoingia. Kano zake, nyuzi nyeupe zinazong'aa, huchomolewa na kulowekwa kwenye asidi asetiki, ileile iliyomo kwenye siki, mpaka ziyeyuke na kuwa uteute mzito. Uteute huo hukaa kwenye friji, nyuzijoto 4. Ukiuondolea ukali wa asidi na kuupasha hadi nyuzijoto 37, unaganda na kuwa wavu wenye matundu ambamo seli hujipenyeza.

Kwa nini basi kila maabara isijitengenezee yake? Inaweza, na nyingi hufanya hivyo. Shida ni kwamba kolajeni ya panya mzee imefungamana kuliko ya kijana, na hata joto la kugandishia hubadilisha ukubwa wa matundu. Seli nazo huyahisi hayo: mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba seli iliyo kwenye mpaka wa sehemu laini na ngumu huelekea kwenye ugumu. Kulinganisha kasi za seli kwenye jeli mbili tofauti ni kama kumpima mkimbiaji mmoja kwenye lami ya Thika Road na mwingine kwenye mchanga wa Nyali. Dawa ya kuzuia seli kuhama ikionekana kufanya kazi London na kugoma Nairobi, swali la kwanza ni: mlitumia jeli ya nani?

Kwa hiyo wanatumiana, na safari yenyewe ina masharti. Uteute wa kolajeni unataka ubaridi lakini usigandishwe kuwa barafu, maana unaharibika. Jeli nyingine, itokanayo na uvimbe wa panya, husafiri kwenye barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyogandishwa, ya nyuzijoto 78 chini ya sifuri. Jeli hiyo ikipata joto la kupita nyuzijoto 10 huanza kuganda humohumo chupani. Barafu kavu haiyeyuki kuwa maji, inapotea hewani, hivyo sanduku likilala ghalani JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, wikendi nzima bila kuongezewa, Jumatatu hakuna kitu.

Karatasi ndizo huchelewesha zaidi, na sioni kama ni urasimu mtupu. Mkataba hueleza nani mwenye mali, itumike kwa kazi gani, na kwamba mpokeaji asiigawe kwa mtu wa tatu bila ruhusa. Mali ya mnyama ikiingia nchini, Idara ya Huduma za Mifugo inataka kibali. Seli za ng'ombe wa Kenya zikitoka, NACOSTI, tume ya sayansi, na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinahusika, na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika 2014, inadai makubaliano ya kugawana faida.

Zipo jeli za akrilamaidi zisizohitaji kusafirishwa: unatuma vipimo kwa barua pepe, mwenzako anachanganya kemikali zake na kupata ugumu uleule. Lakini matundu yake ni madogo kupita kiasi, seli hutambaa juu tu. Anayetaka kuona seli yenye kimelea cha ndigana ikipenya ndani bado atahitaji mkia wa panya.