Ardhi bora ya kilimo: mgodi wa makaa ya mawe unadaiwa nini?

Ukisimama pembeni ya duara, yaani shimo la dhahabu, lililochimbwa shambani huku Nzega, Tabora, tazama ukuta wake. Juu kuna udongo wa kijivu uliojaa mizizi, nao ni mwembamba. Chini unafuata mwekundu au wa njano, mgumu zaidi, halafu changarawe, halafu mwamba. Duara likifukiwa, vyote hivyo hurudi vimechanganyika, changarawe ikiwa juu. Mwenye shamba anaambiwa shimo limezibwa. Kweli limezibwa, lakini majani ya mahindi yatakayopandwa hapo yatakuwa ya manjano.

Tabora hatuna migodi mikubwa ya makaa ya mawe, ila dhana ya kulinda “ardhi bora ya kilimo” inafaa kujulikana hapa. Imefafanuliwa kwa kina katika sheria ya Marekani ya uchimbaji wa makaa ya mawe, iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter tarehe 3 Agosti 1977. Kwenye majimbo kama Illinois na Indiana, makaa yako chini ya mashamba ya mahindi na soya, na mchimbaji huondoa kila kilicho juu ili ayafikie.

Si kila shamba linaingia kwenye ulinzi huo. Kwanza udongo, unyevu na mwinuko wa eneo viwe vya kuzaa vizuri mwaka baada ya mwaka bila mmomonyoko mkubwa. Pili, eneo liwe limelimwa walau miaka 5 kati ya 10 kabla mgodi haujalichukua. Udongo uleule ukiwa chini ya msitu au malisho ya kudumu haupati kinga hiyo, na hapo naona sheria imekuwa bahili.

Kibali hakitolewi mpaka mwombaji aonyeshe kwamba ana uwezo wa kitaalamu wa kurudisha mavuno, ndani ya muda unaokubalika, yafikie au yapite ya mashamba bora ya jirani yasiyochimbwa. Tabaka za udongo huondolewa kila moja peke yake, zikarundikwa mbalimbali, kisha zikarudishwa kwa mpangilio wake. Kina cha kurudisha kwa kawaida ni sentimita 120 hivi, isipokuwa pale ambapo hata awali mizizi isingefika huko.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni kushindiliwa. Mitambo mizito ikipita na kurudi juu ya udongo uliorejeshwa, unakuwa mgumu kama sakafu: maji hayapenyi na mizizi inakwenda pembeni. Kwa macho, shamba la namna hiyo linaweza kuwa kijani na la kupendeza mvua zikiwa nzuri. Kiangazi kifupi katikati ya msimu ndicho kinacholiumbua.

Ndiyo maana dhamana ya fedha aliyoweka mchimbaji hairudishwi yote kwa sababu tu nyasi zimeota. Mazao hupimwa kwa misimu isiyopungua 3, wastani wake ukilinganishwa na mavuno ya ardhi ya aina hiyohiyo iliyo jirani, inayotunzwa kwa namna ileile. Palipozoeleka mazao ya mistari, mojawapo ya yanayopimwa lazima liwe lile lenye mizizi mirefu kuliko mengine. Hicho ni kipengele cha watu wanaojua kulima, kwani zao la mizizi mifupi lingefaulu hata juu ya udongo ulioshindiliwa.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Madini ya mwaka 2010 nayo ina dhamana ya ukarabati kwa migodi mikubwa, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira. Wataalamu wa tathmini wakija kijijini, waulizwe udongo wa juu utarundikwa wapi, utakaa huko miaka mingapi, na nani atapima mahindi baada ya mgodi kufungwa. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na nakala ibaki ofisi ya kijiji.