Supachaja si tabo, na eyakilina si yoyote kati ya hizo

Hapa Tanga siku hizi kila Toyota IST inayovuma ikipita, watu wanasema ina tabo. Mwenye gari naye atakwambia kafungiwa supachaja. Fungua boneti, utakuta eyakilina ya wazi, yaani chujio la hewa lisilo na boksi, ile yenye umbo la pia, imebanwa kwa klempu kwenye bomba la hewa, basi. Hivyo ni vitu vitatu tofauti kabisa, na vijana wanatoa hela nzuri kwa kutovitofautisha.

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda unaotoka kwenye puli ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Inashindilia hewa ndani ya silinda kupita kiasi ambacho pistoni ingevuta peke yake. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi inaungua, na injini ndogo inatoa nguvu za injini kubwa. Maana yake haizidi hapo.

Tabo nayo ni pampu ya hewa, na kazi yake ya mwisho ni ile ile. Ndiyo maana wahandisi wa zamani waliihesabu kuwa aina mojawapo ya supachaja. Lakini gereji tunatofautisha, na tunatofautisha kwa sababu. Jiulize: kinachoizungusha ni nini? Tabo haina mkanda. Imefungwa kwenye njia ya ekzosi, moshi ukitoka unasukuma gurudumu dogo lenye mapanga, na shafti hiyo hiyo inazungusha gurudumu la pili linaloshindilia hewa upande wa pili. Inatumia nishati ambayo sehemu kubwa yake ingepotea hewani. Supachaja inachota nguvu moja kwa moja kwenye krenki, kwa hiyo inakula kwanza ndipo inakupa.

Historia zake pia ni mbili. Ndugu wawili wa Indiana, Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya kipulizia hewa chao mwaka 1860, kabla hata magari hayajakuwepo. Muundo wao wa rota mbili zinazopishana bila kugusana ndio uliokuja kutumika kwenye supachaja nyingi za magari. Tabo ilitoka kwa Mswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kuutumia moshi wa injini. Mercedes walionyesha magari yao ya abiria yenye kompresa, jina lao la supachaja, mwaka 1921.

Dereva anaihisi tofauti hii barabarani. Supachaja ya rota inaitika papo hapo, kwa kuwa krenki ikizunguka nayo inazunguka. Unatoka stendi ya Kange, unakanyaga, gari limeshaondoka. Tabo, hasa za zamani, inasubiri moshi uwe wa kutosha, ndipo nguvu zinakuja kwa mkupuo. Ila panda milima ya Mombo kwenda Lushoto. Kule juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa umepungua kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na hapa Raskazone, ufukweni. Injini ya kawaida inachoka. Supachaja nayo inapungukiwa, maana imefungwa kwenye mkanda na haiwezi kuongeza mwendo wake peke yake. Tabo iliyopangwa vizuri inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kufidia.

Sasa eyakilina ya wazi. Ule mvumo ni sauti ya hewa inayoingia bila boksi la kuizuia isisikike. Haishindilii chochote. Tena kama imekaa karibu na rejeta inavuta hewa ya moto, ambayo ni nyepesi, na kwa joto letu la pwani unaweza kupoteza nguvu badala ya kupata. Vile vifeni vya umeme vinavyouzwa kama supachaja navyo hapana. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inameza hewa kama lita 4,500 kwa dakika hiyo moja. Kushindilia hewa nyingi hivyo kunataka kilowati kadhaa, na oltaneta, inayozalisha umeme wa gari, kwenye gari dogo inatoa kama kilowati moja, hapo hapo taa na redio vinasubiri.

Na hata ukiipata supachaja ya kweli, kuifunga kwenye IST si suala la mkanda na boliti tu. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST ya 1.5 imeundwa na uwiano wa mgandamizo wa 10.5 kwa 1, yaani pistoni inaibana hewa hadi iwe sehemu moja ya 10.5 ya nafasi yake, kwa sababu ilitarajiwa kuvuta hewa yenyewe. Toyota walipotengeneza 4A-GZE, injini ya lita 1.6 yenye supachaja kutoka kiwandani, waliushusha uwiano huo hadi 8 kwa 1, baadaye 8.9. Hawakufanya vile kwa mapambo. Hewa iliyoshindiliwa inapata joto, na ikibanwa tena sana ndani ya silinda, petroli inalipuka kabla ya wakati. Injini inagonga. Mwenye gari anaisikia kama changarawe zinazochezacheza ndani ya kopo, anaongeza sauti ya muziki, na mwisho pistoni inatoboka. Kwa hiyo hesabu yako lazima iwe na nozeli za petroli kubwa zaidi, pampu ya petroli inayotosha, kontrolboksi (kompyuta ya injini) iliyopangwa upya, na presha ndogo ya kuanzia. Fundi asiyekutajia hayo hajakupangia kazi, kakupangia bei.

Wenye Benzi nao, naomba tusikilizane. Ile C200 iliyoandikwa Kompressor nyuma haina tabo, hata kama aliyekuuzia alikuapia. Fungua boneti ufuate mkanda, utaikuta supachaja. Zilizokuja baada yake zikaandikwa CGI ndizo zenye tabo. Ukienda dukani kutafuta spea, taja ile iliyomo kwenye gari lako.