Mtafiti wa baada ya uzamivu kwenye vigunduzi vya mawimbi ya mvutano hufanya kazi gani?

Mzazi wa Wete au Makunduchi akiambiwa kwamba mwanawe ameshapata shahada ya uzamivu ya fizikia, anaitwa Dokta, na sasa anakwenda Ujerumani au Marekani kufanya utafiti wa baada ya uzamivu, swali lake la kwanza linajulikana: kwani hajamaliza kusoma tu? Amemaliza. Hafanyi mtihani wala halipi ada. Ni mwajiriwa mwenye mshahara na mkataba, aghalabu wa miaka 2 au 3, chini ya profesa au mkuu wa maabara aliyepata fedha za mradi. Mwanafunzi si yeye tena, na mhadhiri hajawa. Mwishoni hapewi cheti. Anachoondoka nacho ni makala zilizochapishwa, kifaa kilichofanya kazi (au kilichokataa), na barua nzuri ya mkuu wake, akijaaliwa.

Hapo ndipo wengi wanapoishia kueleza, na kwa kweli upande huo wa ajira hauna mengi. Mengi yako kwenye hivyo vifaa.

Einstein aliandika mwaka 1916 kwamba vitu vizito vikizungukana hutikisa nafasi yenyewe, na mtikisiko huo husambaa kwa mwendo wa nuru. Ndiyo mawimbi ya mvutano, au ya graviti kama wengine wanavyoyaita. Wimbi likipita, masafa baina ya vitu viwili hurefuka upande mmoja huku upande wa pili yakifupika, kisha hugeuka. Halizuiwi na ukuta, ardhi wala bahari. Likipita hapa kwetu, hata masafa ya Darajani hadi Paje hubadilika. Tatizo ni kiasi chake: mawimbi yanayonaswa siku hizi yangeibadilisha njia yote hiyo kwa kiasi kisichofika hata sehemu moja ya ishirini ya upana wa protoni, na protoni ni chembe iliyomo ndani ya atomu.

Ndiyo maana Einstein mwenyewe hakutarajia kuyaona, na ndiyo maana ilipita karibu karne nzima. Tarehe 14 Septemba 2015 vigunduzi viwili vya LIGO nchini Marekani vilinasa mtikisiko wa mashimo meusi mawili, yaani vitu vizito mno hata nuru haitoki, yaliyogongana na kuwa moja. Moja lilikuwa na uzito wa takriban majua 36, la pili 29, umbali wa miaka ya nuru kama bilioni 1.3 (mwaka wa nuru ni masafa ambayo nuru huyapita kwa mwaka mmoja). Kigunduzi cha Livingston, jimbo la Louisiana, kilitangulia, na cha Hanford, jimbo la Washington, kikafuata baada ya milisekunde 7. Mtikisiko wote, wenyewe huuita mlio, haukuzidi sana sehemu mbili za kumi za sekunde. Mwaka 2017 Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kigunduzi chenyewe kina umbo la herufi L, kila mkono kilomita 4. Mwale wa leza unagawanywa kwenye pembe ya L, nusu unaingia mkono huu na nusu ule, unarudishwa na vioo vilivyo mwisho, kisha nusu mbili zinakutanishwa tena. Mikono ikiwa sawa, nuru mbili hufutana. Mkono mmoja ukirefuka kidogo tu, nuru kidogo huchomoza, na hicho ndicho kipimo. Italia ina Virgo, karibu na Pisa, yenye mikono ya kilomita 3; Japani ina KAGRA, iliyochimbwa chini ya mlima; Ujerumani ina GEO600, ndogo kuliko zote lakini ndiyo iliyofanyiwa majaribio mengi ya mbinu zinazotumika sasa kwenye vigunduzi vikubwa.

Sasa, mtu hudhani mtafiti wa mambo haya anakaa akiangalia anga. Anayetengeneza vifaa haangalii anga hata kidogo. Anashughulika na kelele. Kwao wao kelele ni kila kinachokitikisa kioo bila kuwa wimbi linalotafutwa: lori barabarani, joto la kioo chenyewe, upepo, na bahari.

Bahari hasa. Mawimbi ya maji yakigonga pwani na yakigongana yenyewe kwa yenyewe huitetemesha ardhi polepole, mtetemo mmoja kila sekunde chache, na mtetemo huo husafiri mamia ya kilomita bara. Weka mashine ya kupimia matetemeko popote Unguja, hata katikati ya kisiwa, utaikuta haitulii, na kusi likishika huzidi. Livingston nayo ina Ghuba ya Mexico jirani. Dhoruba ikichafua bahari, kigunduzi huweza kupoteza mshiko, yaani vioo hutoka kwenye nafasi zake za kufutana na kazi ya kupima husimama mpaka virudishwe. Kwa hiyo anayeota kujenga kimoja pale Jambiani, aanze na mwamba ule unaopigwa na mawimbi usiku na mchana.

Na si mawimbi tu. Mvuto wa mwezi na jua unaotuletea bamvua, maji yakapanda na kushuka kama mita 4, huivuta ardhi pia. Mikono ya LIGO hurefuka na kufupika kwa kupwa na kujaa huko kwa kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita na zaidi. Inaonekana kidogo, lakini ni mamilioni kwa mamilioni ya mara kuliko wimbi linalotafutwa. Kinachookoa ni kwamba bamvua hutambaa kwa saa nyingi, ilhali mlio wa mashimo meusi hupanda kutoka mitetemo 35 kwa sekunde hadi kama 250. Kifaa kikiweza kufuata ya polepole na kuyarekebisha, ya haraka hubaki wazi.

Ili kioo kisitikiswe na ardhi, hutundikwa. Mtazame fundi mwashi na timazi lake: ukishika uzi juu na kuutikisa mkono haraka haraka, risasi ya chini hutulia karibu pale pale, ukiutikisa polepole, inafuata. Kioo cha LIGO, chenye kilo 40 na upana wa sentimita 34, ni timazi lililotundikwa kwenye timazi jingine, hilo kwenye jingine, na hilo kwenye jingine, ngazi 4 kwa jumla. Ngazi zote hizo nazo zimefungwa kwenye meza zenye vihisio vinavyopima mtikisiko na kuusukuma kinyume.

Ngazi ya mwisho ndiyo inayonivutia, na nakiri inanivutia kuliko mashimo meusi yenyewe. Zile kilo 40 zinabebwa na nyuzi nne za kioo cha silika, kila moja unene wa kama sehemu nne za kumi za milimita. Kwa nini si waya wa chuma? Kwa sababu ya joto. Chembe za kila kitu hucheza kwa joto, na chuma kina msuguano mwingi ndani yake, hivyo mchezo huo husambaa na kuvuruga kipimo. Silika ina msuguano mdogo mno. Uzi huvutwa kwa kuyeyusha kijiti cha silika kwa leza, kisha unachomelewa kwenye kioo. Ni wenye nguvu ajabu mradi usiguswe: mkwaruzo mdogo juu yake unatosha kuufanya ukatike. Mtu amesoma skuli miaka zaidi ya ishirini, na kazi yake kwa miezi ni kuvuta nyuzi, kuzipima, kuzitundikia mzigo mpaka zikatike, na kuandika kila moja ilikatikia wapi.

Mwingine hushughulika na utando wa juu wa kioo, unaorudisha nuru, ambao nao una msuguano wake na mpaka leo ni kizuizi kikubwa. Mwingine kapewa nuru iliyobanwa. Leza huja kwa chembe, fotoni, nazo haziji kwa mpangilio kamili, hivyo kipimo hubaki na mashaka hata kila kitu kingine kikitulia. Kanuni za kwanta hazikuruhusu kuyaondoa mashaka yote, ila unaweza kuyabana upande mmoja ukikubali yatune upande wa pili. GEO600 ilianza kutumia mbinu hiyo mwaka 2010. LIGO na Virgo zikaitumia katika awamu ya uchunguzi iliyoanza 2019. Shida ikawa kwamba upande unaofaa kubanwa kwenye mitetemo ya haraka sio unaofaa kwenye ya polepole, ambako fotoni zenyewe huvisukuma vioo. Katika awamu iliyoanza 2023 LIGO imeongeza bomba la mita 300 la kugeuza mbano kufuatana na kasi ya mtetemo.

Katikati ya yote hayo kuna grafu moja ambayo watu hawa huishi nayo: bajeti ya kelele. Kila chanzo cha kelele kinachojulikana huchorwa mstari wake, inajumlishwa, kisha inalinganishwa na kelele inayopimwa kweli. Ikiwa iliyopimwa ni kubwa kuliko jumla, kuna kitu hakijulikani, na kutafuta hicho kitu ndiyo kazi ya wiki. Watatikisa bomba kwa makusudi, watapiga sauti kwa spika karibu na mashine, watawasha sumaku, wakiangalia ni lipi linaloonekana kwenye kipimo. Mwaka 2017 pale Hanford zilionekana alama za kugongagonga zisizoeleweka. Wakafuatilia mpaka nje ya jengo, kwenye bomba la naitrojeni baridi lililoganda barafu, wakakuta alama za midomo: kunguru wa jangwani, kwa kiu, walikuwa wakidonoa ile barafu. Sisi tunaowajua kunguru wa Unguja hatuwezi kushangaa sana. Bomba likarekebishwa ili barafu isikae.

Mkataba ukiisha, wengine huchukua wa pili nchi nyingine, na hapo ndipo malalamiko yanapoanzia, maana kuhamahama kila miaka miwili na viza mkononi si rahisi kwa mwenye mke au mume na watoto. Wachache hupata uhadhiri. Wengine huajiriwa moja kwa moja na vigunduzi, na wengi huingia kwenye kampuni za leza, vioo na vihisio. Nafasi zenyewe hazijaelekea kukauka: India iliidhinisha mwaka 2023 ujenzi wa kigunduzi cha familia ya LIGO huko Hingoli, Maharashtra; Ulaya inapanga Einstein Telescope chini ya ardhi; na chombo cha anga cha LISA, chenye mikono ya kilomita milioni 2.5, kinatarajiwa kurushwa katikati ya miaka ya 2030.

Aliyeko Tunguu, kwenye Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), akitaka kuonja kabla ya kuomba popote, data za LIGO ziko wazi kwenye intaneti bila malipo, pamoja na za lile tukio la 2015. Kompyuta ya mkononi na Python, lugha ya kuandikia programu, vinatosha kuchuja kelele hadi mlio utokee kwenye grafu. Kuvuta uzi wa silika hakufundishiki hivyo, kunataka maabara. Lakini vigunduzi hivi haviendeshwi na wenye uzamivu peke yao: vina mafundi na wahandisi wa umeme, wa mashine na wa mifumo ya ombwe, na kijana wa KIST, Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, mwenye mkono mzuri wa saketi ana pa kuanzia.