Walimu wakongwe na shule za maskini Marekani: tunayoyasikia na yaliyopo

Dhana: sheria ya ukongwe kazini (aliyekaa muda mrefu analindwa kuliko mgeni) ndo inayowapeleka walimu wabovu kwenye shule za maskini.

Ukweli: hili lilifika mpaka mahakamani. California 2014, kesi ya Vergara, Jaji Rolf Treu alikubaliana na wanafunzi tisa walioshtaki, akasema sheria za kumlinda mwalimu kazini, pamoja na ile ya aliyeingia mwisho atoke wa kwanza, zinavunja katiba ya jimbo. Watu wakashangilia weee. 2016 mahakama ya rufaa ikatengua, na sababu yenyewe wengi hawaisomagi: sheria hizo hazisemi mwalimu gani aende shule gani, wanaopanga ni mabosi wa wilaya za shule, yaani mamlaka zinazoendesha shule za umma za eneo.

Dhana: kwahiyo sheria haina shida, inabana wote sawa.

Ukweli: kwenye karatasi sawa, mtaani hapana. Los Angeles 2009 bajeti ilipokaza barua za kupunguzwa kazi zikatoka kwa kufuata tarehe ya kuajiriwa, sasa shule kama Gompers, Markham na Liechty zilikuwa zimejaa walimu wapya maana huko wengi hawakai, basi nusu ya walimu na zaidi wakapata barua, wakati shule zenye wakongwe wengi ziliguswa kidogo tu. Watoto wakabaki na walimu wa muda, leo huyu kesho yule. Ikafunguliwa kesi ya Reed, ikazunguka weee mpaka 2014 wakakubaliana kuzisaidia shule 37: washauri wa wanafunzi, wasaidizi wa wakuu wa shule, bonasi kwa wakuu. Kwangu mimi hapo ndo walianza kugusa kidonda, maana shida ni watu kuondoka.

Dhana: mkongwe kachoka, kijana ana moto.

Ukweli: ufundishaji wa mwalimu unapanda haraka zaidi miaka michache ya mwanzo, baadae unaendelea ila polepole. Shule inayobadilisha walimu kila mwaka inaishi kwenye ile miaka ya kujifunzia tu.

Dhana: wilaya moja, hela sawa.

Ukweli: mshahara wa mwalimu unapanda kwa miaka na vyeti, halafu wilaya ikitaka kuthibitisha kwamba shule zinazopata hela za Title I (msaada wa serikali kuu kwa shule zenye watoto maskini wengi) hazipunjwi, tofauti ya mishahara inayotokana na miaka kazini haihesabiwi. Yaani shule yenye walimu wapya ishirini inaonekana inapata hela sawa na yenye wakongwe ishirini! Sheria ya elimu ya nchi nzima, ESSA ya 2015, angalau inadai matumizi halisi ya kila shule yatangazwe.

Dhana: futa haki ya wakongwe kuchagua shule, mambo yatanyooka.

Ukweli: jiji la New York walishafuta kwenye mkataba wa walimu wa 2005, mkuu wa shule ndo anachagua nani aje. Sawa, ila mwalimu naye ndo anachagua aombe wapi, na anayegombewa na shule tano sidhani kama ataenda ile ambayo wenzake wanaikimbia.