Teknolojia "inaposafirishwa" bila kutoka chumbani

Kwa sheria ya Marekani, mhandisi akimwonyesha mwenzake wa kigeni mchoro wa kutengenezea chipu nyeti, hata kama wote wawili wamekaa maabara moja huko Texas, mchoro huo huhesabiwa kuwa umesafirishwa hadi nchi ya huyo mgeni. Si lazima kitu kipite forodhani. Kuona, kuelezwa kwa mdomo au kufunguliwa faili kunatosha, na pasipo leseni inayotakiwa, kosa limeshatendeka.

Mwenye grini kadi au aliyepewa hifadhi ya ukimbizi Marekani hahesabiwi mgeni hapa. Kwa wengine, swali ni uraia. Wizara ya Biashara, inayosimamia teknolojia yenye matumizi ya kiraia na kijeshi, hutazama uraia au ukaazi wa kudumu uliopatikana mwisho. Wizara ya Mambo ya Nje, yenye mamlaka juu ya silaha, hutazama kila uraia ambao mtu anao au amewahi kuwa nao. Mzaliwa wa Kongo-Kinshasa aliyekuwa raia wa huko, sasa Mkanada, atapimwa pia kama Mkongomani, na Kongo imo katika orodha ya vikwazo vya silaha.

Kila kinachodhibitiwa hupewa msimbo orodhani, na wengi hukosea wanaposoma msimbo wa kifaa wakadhani ndio wa maarifa yake. Katika orodha ya Wizara ya Biashara, 3A001 ni vifaa vya elektroniki; 3E001 ni teknolojia ya kuvibuni au kuvizalisha. Kuna pia teknolojia ya matumizi, ambayo kwa kawaida hutimia pale tu mambo sita yanapokuwa pamoja: kuendesha, kusimika, kutunza, kukarabati, kufumua kwa ukarabati mkubwa na kurudisha katika hali ya upya. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kufundishwa kuendesha mashine iliyodhibitiwa bila leseni.

Utafiti wa msingi ambao matokeo yake yatachapishwa kwa uhuru haudhibitiwi. Kinga hiyo ni nzuri, lakini huvunjwa na kifungu kimoja cha mkataba kinachompa mfadhili haki ya kuzuia uchapishaji. Profesa John Reece Roth wa Chuo Kikuu cha Tennessee alitiwa hatiani mwaka 2008, akafungwa miaka 4: mradi wake wa droni ulikuwa wa Jeshi la Anga, na data zake zilifikiwa na wanafunzi wawili, Mchina na Muirani.

Anayeombewa viza ya H-1B, ya wageni wenye ujuzi maalumu wanaokwenda kufanya kazi Marekani, aulize mapema. Katika sehemu ya 6 ya fomu I-129, ambayo mwajiri huijaza kumwombea mfanyakazi huyo, mwajiri hutakiwa kuthibitisha kama leseni inahitajika, na kama ndiyo, kumzuia asiifikie teknolojia hiyo hadi leseni itoke.